Gavana wa Mwisho wa Houston

Mume wangu alikuwa gavana wa mwisho wa Houston. Cheo chake halisi kilikuwa Mlezi wa Tawi, lakini watu wa Houston walimwita Gavana, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi.

Chama chetu cha Watanzania kinaitwa Mshikamano. Kilianzia kwa Mzee Gelasius kule Mesquite, pembeni mwa Dallas, zamani hizo Watanzania wa Texas yote wakitosha kwenye sebule moja na viti vikabaki. Baadaye Houston ikajaa manesi, wahasibu na wahandisi wa mafuta, mpaka tukawazidi Dallas kwa idadi, ila katiba haikuwa na habari hiyo. Katiba ilisema Houston ni tawi, na tawi linasimamiwa na Mlezi anayeteuliwa na Dallas. Kampuni ilipomhamishia mume wangu Sospeter huku kutoka Dallas, tukanunua nyumba Katy, kitongoji cha Houston, Mzee Gelasius alimteua hata hatujafungua maboksi ya vyombo.

Gavana alikuwa na alama moja tu ya utawala, nayo ni simu. Ilikuwa simu ya Tawi, namba ya Dallas inayoanza na 214, na ilikaa juu ya meza yetu ya chakula, karibu na chumvi. Ukifiwa Houston ulipiga namba hiyo. Sospeter alipokea, akakupa pole, kisha akampigia Mzee Gelasius. Mzee Gelasius alitafakari, akaandika tangazo, akalituma kwenye kundi la WhatsApp. Kabla ya tangazo hakuna aliyeruhusiwa kukusanyika, kupika wala kutandika jamvi. Watu wa Houston tulikuwa tunafiwa kwa hisani ya Dallas.

Nimtendee haki mume wangu. Kazi ile aliiweza. Tangazo likishatoka, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kwa mfiwa, na jambo la kwanza alilofanya ni kunyoosha mkono na kusema, "Lete simu." Huo ndio utaratibu wetu, mfiwa hapokei simu. Mwenzake anamchukulia ili yeye apumzike, anakaa nayo kwenye kona, na kila anayepiga anamjibu, "Tumepokea pole yako. Ndugu yetu amepumzika." Sospeter aliweza kukaa kutwa nzima na simu ya mtu mwingine sikioni, chai inapoa mbele yake, na asikosee jina hata moja. Lakini hilo watu hawakulikumbuka. Walikumbuka kwamba walisubiri ruhusa, na aliyewaambia wasubiri ni yeye.

Mambo yaliharibika Agosti 2017, wakati wa kimbunga Harvey. Baba yake Kidawa, mwenzetu wa Houston, alifariki Tanga. Kidawa alikuwa kwake mtaa wa Alief, maji yamejaa ndani mpaka kwenye soketi za ukutani, amejihifadhi kwa jirani wa ghorofa ya juu. Sospeter alipiga Dallas. Mzee Gelasius alikuwa kwenye harusi Oklahoma na simu ameizima. Siku zikapita. Mwishowe Ndeshi, nesi wa wagonjwa mahututi anayeishi Stafford, mwanamke ambaye mdomo wake hauna breki, alisema potelea mbali. Maji yalipopungua akamchukua Kidawa akampeleka kwake, akawapigia watu mmoja mmoja, wakaja, wakapika pilau, wakasoma dua, wakalia, Waislamu kwa Wakristo, bila tangazo.

Dallas ikatoa onyo. Msiba wa baba yake Kidawa uliitwa "mkusanyiko usio na kibali", na Gavana akaagizwa alisome onyo hilo mbele ya wahusika. Alikwenda Stafford akalisoma amesimama wima, kwa sauti ya taarifa ya habari. Alipomaliza, Kidawa akampakulia pilau. Akaketi akala. Mimi nilikaa pembeni yake nikitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Baba Precious," nilimwambia kwenye gari, "umewasomea onyo halafu ukala chakula chao?"

"Nilisoma kwanza," alisema. "Chakula kilikuja baadaye. Utaratibu niliufuata."

Wiki iliyofuata nikajiunga na harakati za kuitoa Houston mikononi mwa Dallas. Ndeshi alihitaji katibu, na mimi kabla sijaja Marekani nilikuwa mwalimu wa historia Mwanza. Nilifundisha kidato cha tatu namna koloni linavyoachiwa kidogo kidogo, kama mtoto anayeachishwa ziwa. Sikuwahi kufikiri kwamba somo lile nitakuja kulifanyia mazoezi sebuleni kwangu, na mkoloni ndiye mwenye rimoti ya televisheni.

Dai letu lilikuwa moja, kwamba Houston ilie misiba yake bila kuomba. Mzee Gelasius hakukataa. Watu wa aina yake hawakatai. Alikuwa mtumishi wa serikali zamani, na mpaka leo huongea kama aliyesimama chini ya bendera. "Ni jambo jema sana," alituambia. "Ila lazima kwanza muandaliwe."

Tukaanza kuandaliwa. Kwanza tulipewa Baraza la Ushauri. Wajumbe waliteuliwa na Gavana, wakamshauri Gavana, na Gavana hakulazimika kuwasikiliza. Aliniteua mimi. Nikamshauri ajiuzulu. Akaandika kwenye kumbukumbu kwamba mjumbe Apolonia alitoa mchango.

Mwaka 2018 tukapewa uchaguzi, na hapo nilicheka mpaka nikakaa chini. Mwaka 1958 Waingereza waliwaambia Watanganyika kwamba kila mpiga kura apige kura tatu, moja kwa Mwafrika, moja kwa Mzungu na moja kwa Mwasia, wapende wasipende. Mzee Gelasius, bila kujua anamwiga nani, akaleta kura tatu zake. Kila mpiga kura wa Houston amchague mtu mmoja wa Houston, mmoja wa Dallas, na mmoja asiye na upande, maana yake wa mji wa Austin. Austin nzima akajitokeza mgombea mmoja, Elkana, mtu wa kompyuta, ambaye hakuwahi kukanyaga Houston. Alipata kura nyingi kuliko binadamu yeyote katika historia ya Mshikamano.

Kabla ya kura hizo tulibishana kwa Ndeshi kama tugomee au tushiriki. Niliwaambia kwamba mwaka ule wa kura tatu walioshiriki ndio walioshinda. Tukashiriki. Elkana alikuja kwenye kikao cha kwanza, akauliza choo kiko wapi, akarudi akatukuta tunaomba kibali cha Dallas ili tununue sufuria. Tangu siku hiyo akapiga kura nasi kila mara. Dallas walishtuka, kwa maana hawakutarajia kwamba Austin ana akili zake.

Baada ya hapo yakaja madaraka ya ndani. Houston ikaruhusiwa kuendesha pikiniki, Iddi, Krismasi na timu ya mpira. Misiba ikabaki Dallas, pamoja na simu. Yaani sisi tuliachiwa furaha, huzuni wakabaki nayo wao.

Nyumbani tuliishi vizuri tu. Mtoto wetu Precious alikuwa chuo huko Denton, kwa hiyo meza ilikuwa yetu wawili. Mimi niliandika madai upande huu, yeye akaandika majibu upande ule, tukapitishiana chumvi. Lakini nilikuwa namwona. Kila tulichokipata sisi, yeye alipungua. Watu walianza kuniletea mimi habari zao, na kwenye sherehe walimsalimia haraka haraka, kama unavyomsalimia mwenye nyumba ambaye mkataba wake unakaribia kwisha.

"Mkishapata uhuru wenu," aliniuliza siku moja, "mimi nitakuwa nani?"

"Utakuwa mtu wa Houston."

"Nani kasema?"

Kweli hakuna aliyekuwa amesema. Mzee Gelasius alimwita arudi Dallas, atapewa cheo cha Mshauri. "Rudi nyumbani, mdogo wangu," alimwambia. Sospeter akamjibu kwamba nyumbani ni Katy, na kwamba ana majani ya kukata.

Uhuru ulikuja Desemba 2019, kwenye ukumbi wa kukodi Stafford. Ulichelewa. Wajumbe wa Dallas walikwama barabara ya 45 kwa ajali iliyotokea karibu na Conroe, na ukumbi mzima tukakaa tunangoja mkoloni afike ili aondoke. Walipofika wakaja na sharti jipya. Simu ni mali ya Houston, alisema Mzee Gelasius, lakini 214 ni namba ya Dallas, itarudi Dallas. Kwa hiyo tulikabidhiwa simu isiyo na namba. Ndeshi akasema hakuna neno, tutaweka ya kwetu.

Viti vya mbele upande wa kushoto viliandikwa "Wageni kutoka Dallas". Sospeter alikaa hapo, kwa kuwa yeye ndiye wa kukabidhi, na suti yake ya harusini. Wakati ulipofika alibeba simu kwenye sinia iliyofunikwa khanga, akampa Ndeshi kwa mikono miwili. Vigelegele vikapigwa vya Dallas kwenda zao. Akarudi kwenye kiti chake cha wageni.

Kisha tukaja kwenye uraia. Katiba mpya niliiandika mimi, na niliandika kwamba uanachama wa Houston haurithiwi kutoka Dallas. Anayeutaka asimame, ataje jina lake na anakoishi. Watu wakasimama. "Kidawa, Alief." "Ndeshi, Stafford." Nikasimama mimi. Hata Elkana akasimama: "Elkana, Austin," tukampokea kwa makofi. Ndeshi akauliza, "Kuna mwingine?" Akasubiri. Nilimtazama mume wangu. Aliinama akaanza kufunga kamba za viatu. Viatu vile havikuwa na kamba.

Wakati wa kuondoka, mjumbe mmoja wa Dallas, mtu mwema kabisa, alimshika bega. "Mzee, wewe unapanda gari lipi?"

"Lile jeupe," alisema Sospeter. Lilikuwa letu.

"Mbona hukusimama?" nilimuuliza njiani.

"Nilikuwa kiti cha wageni. Mgeni hasimami mpaka aambiwe."

"Ndeshi aliuliza."

"Aliuliza ukumbi. Hakuniuliza mimi."

Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa na huruma, na vyote viwili havikutosha kwenye sentensi moja. Nikatazama dirishani mpaka Katy, na Katy ni mbali.

Ikaja corona. Aprili 2020 Sospeter alikuwa anafanyia kazi nyumbani, kwenye ile ile meza, na pale karibu na chumvi palikuwa patupu. Asubuhi moja kaka yake Sadock alipiga kutoka Bunda. Mama yao amefariki. Huyu ni mama aliyekuwa akimpigia kila Jumapili kumuuliza kama amekula, na Sospeter ni mtu mzima mwenye kitambi. Ndege zilikuwa zimesimama. Hakuna kwenda kuzika.

Kisha akachukua simu yake, na kwa mazoea akapiga 214, namba ambayo kwa miaka yote alikuwa akiipokea yeye.

Mzee Gelasius alipokea. Alimpa pole ya kweli, nilimsikia. Halafu akasema, "Sospeter mdogo wangu, mimi natamani kutangaza. Lakini Houston si eneo letu tena. Nikitangaza, watasema tumerudi kutawala. Wapigie wenyewe."

"Sawa, Mzee," alisema Sospeter. "Utaratibu ndio huo."

Wapigie wenyewe. Kwa wenyewe hakuwa mwanachama. Mimi nilikuwa mwanachama, ila katiba inasema mwanachama huliliwa mzazi, mwenzi na mtoto. Wakwe tulikubaliana wasubiri marekebisho ya kwanza. Nilisimama jikoni nikaikumbuka ibara yangu ile, ilivyonyooka, nikaichukia. Mezani Sospeter alikuwa ameanza kuandika tangazo la mama yake mwenyewe, kwa mwandiko wake ule mzuri. Aliandika "Uongozi unasikitika" akaishia hapo, kwa sababu hakujua ni uongozi upi.

Nikampigia Ndeshi. Alikuwa ndiyo anatoka zamu, siku zile anazotoka hospitali usoni ana mistari ya barakoa.

"Mwenyekiti," nilisema, "naomba kikao cha dharura cha kamati. Kuna suala la kikatiba ambalo..."

"Mama Precious. Sema."

"Mama mkwe amefariki."

"Mama yake Gavana?"

"Ndiyo."

Akakata simu. Nilibaki nimeishika, sijui kama ni mtandao au ni jibu.

Barabara zilikuwa tupu siku zile, Stafford na Katy zikawa jirani. Alifika na sare zake za kazini, akasimama mwisho wa njia ya gereji, mbali na mlango, kwa kuwa alitoka kwa wagonjwa na hakutaka kutuletea. Sospeter akafungua mlango. Ndeshi akanyoosha mkono, na mkononi ana mfuko wa plastiki wa zipu, wa kuhifadhia nyama kwenye friza.

"Lete simu," akasema.

Sospeter hakusogea. "Dada Ndeshi, mimi sija-register. Siku ile sikusimama."

"Gavana, nime-drive moja kwa moja kutoka kwenye shift, sijaoga, sijala. Lete simu."

Akaiweka chini kwenye saruji, akarudi nyuma. Ndeshi akaiokota kwa ule mfuko, akafunga zipu, akaketi kwenye kiti cha kukunja nilichomwekea nje. Ikaanza kulia papo hapo. Habari zilikuwa zimeshaenea, na hakuna aliyezitangaza. Alizibofya simu kwa juu ya plastiki, akaongea kwa spika, kelele, majirani wote wa Katy wakajua tumefiwa.

Watu wakaja. Walipaki ukingoni mwa mtaa mzima, wakabaki ndani ya magari, wakashusha vioo. Kidawa alikuja na pilau kwenye trei za foili, amevaa glavu, akazipanga juu ya boneti ya gari letu jeupe. Alimwona Sospeter dirishani.

"Shemeji, huu mkusanyiko hauna kibali," alimpigia kelele. "Nikimaliza kugawa utanisomea onyo."

Jua lilipokuwa kali, Mzee Gelasius alipiga. Jina lake lilitokea kwenye plastiki. Ndeshi alilitazama kidogo, kisha akabofya.

"Sospeter?"

"Ndugu yetu amepumzika," alisema Ndeshi.

"Naongea na nani?"

"Na wenyewe, Mzee."

Halafu Mzee Gelasius akakohoa na kusema, polepole, "Basi naomba wenyewe wapokee pole yangu."

"Tumepokea."

Mume wangu alikuwa nyuma ya dirisha, ameegemea kioo. Maneno yale aliwasemea watu wengi sana wa mji huu, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kusemewa. Alilia. Alilia kwa sauti, akimwita mama yake kwa Kijita, nami nikamshika tukalia wote, na nje Kidawa akaacha kugawa pilau. Ndeshi peke yake ndiye hakugeuka, maana simu nyingine ilikuwa inaingia.

Kikao cha mwezi kilifanyika kwenye Zoom. Mimi nilikaa mezani na kompyuta, naandika kumbukumbu. Sospeter alikuwa kiti cha pembeni, nje ya kamera, anamenya chungwa. Ajenda ya kwanza ilikuwa mkusanyiko usio na kibali, Katy.

"Uongozi umevunja katiba," alisema Ndeshi, uso mkavu. "Hakukuwa na kikao, hakukuwa na tangazo, na marehemu alikuwa mkwe. Kwa hiyo uongozi unapewa onyo. Naomba lisomwe na mtu mwenye uzoefu." Akasubiri. "Gavana, uko hapo?"

Sospeter akaacha kumenya. "Niko," alisema kutoka pembeni. "Ila mimi si mwanachama."

"Hilo lina utaratibu wake," alisema Ndeshi, ambaye nilikuwa nimemsimulia maneno ya kwenye gari. "Sasa hivi siulizi ukumbi. Nakuuliza wewe."

Aliweka chungwa kwenye sahani. Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Akaja mbele ya kompyuta, akavuta shati chini likanyooka, akasimama wima. Kamera ilikuwa chini juu ya meza, kwa hiyo wanachama wote wa Houston waliona vifungo viwili na mkanda wa suruali.

"Sospeter," alisema. "Katy."

"Shemeji, hatukuoni uso," alisema Kidawa. "Kaa basi tukuone."

"Siwezi," alisema mume wangu. "Nimesimama."